Zawadi Nayo Husema: Adia za Mwalimu wa Kiswahili Ughaibuni

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Julai, huwapo vyuoni mwetu vijana wachache wenye pilkapilka zisizofanana na za wenzao. Viza wamekwisha kupata, walezi wao wa tasnifu wamekwisha kuwaaga, na sasa wanazunguka madukani na sokoni wakitafuta zawadi. Hawa ni wale waliobahatika kuteuliwa kwenda Marekani kufundisha Kiswahili chini ya mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa walimu wa lugha za kigeni. Mpango huo humweka kijana katika chuo cha huko kwa mwaka mmoja wa masomo, yaani takriban miezi tisa, akiwafundisha Wamarekani lugha yake huku naye akihudhuria mihadhara kama mwanafunzi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Na tangu nirejee, kila Julai hujiwa na mtu akiniuliza swali lile lile nililowauliza walionitangulia: "Nichukue nini cha kuwapa?"

Watakuwapo watakaoona kuwa swali hili ni dogo mno kujadiliwa katika jarida la wanachuo wa Kiswahili, ilhali tuna masuala mazito ya istilahi, sera ya lugha na uhaba wa vitabu. Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo, na ndiyo sababu nikaaibika. Rai ninayoitoa hapa ni kwamba zawadi ya mwalimu wa lugha si kifaa tu, ni usemi. Aghalabu huwa ndiyo matini ya kwanza ya Kiswahili ambayo mpokeaji ataimiliki nyumbani kwake, ataitundika ukutani na kuwaonyesha wageni wake. Basi yafaa iteuliwe kwa uangalifu ule ule tunaoutumia kuteua kifungu cha ufahamu cha darasani. Hebu nieleze jinsi nilivyofikia rai hiyo.

Siku tatu kabla ya safari niliingia katika duka moja jijini Nairobi, nikanunua doti tisa za leso kwa muda usiozidi dakika ishirini. Nilichagua kwa rangi. Mwenye duka alikuwa akizikunjua moja baada ya nyingine, nami nikisema, "Hiyo, hiyo, hiyo ya chungwa, ile acha." Mimi ni mzaliwa wa bara. Kwetu leso ilikuwa nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, au ya kujifunga kiunoni jikoni, au ya kufunikia unga usiingie vumbi. Mama yangu alikuwa nazo kadhaa, na leo hata ukinishikia panga siwezi kukutajia neno lililoandikwa kwenye hata moja kati yazo. La kusikitisha zaidi ni kwamba katika mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza nilikuwa nimejibu swali la mtihani kuhusu misemo ya leso kama kipera cha fasihi simulizi, na alama nilizopata hazikuwa haba. Nilijua leso ina pindo, mji na jina. Nilijua kuwa jina ndilo lile neno lililochapwa upande wa chini ya mji. Lakini nilipokwenda dukani na fedha zangu mkononi, elimu hiyo niliiacha nje ya mlango.

Nilipofika chuoni huko, mtu wa kwanza kunifaa alikuwa mhazili wa idara, mama mtu mzima mwenye sauti ya polepole. Ndiye aliyenipa funguo za ofisi, akanijazia fomu zilizokuwa zimenishinda, akanionyesha pa kununua koti zito kabla theluji haijaanza kuanguka. Desturi ya huko ni watu kuitana kwa majina ya kwanza, wakubwa kwa wadogo. Jambo hilo lilinishinda kwa miezi miwili mizima, nikawa nazunguka sentensi zangu ili nisilazimike kumwita chochote. Katika wiki yangu ya kwanza nilimpelekea kipande kimoja cha leso ile ya rangi ya chungwa. Alifurahi kupita kiasi nilichotarajia. Kesho yake nikaikuta imetundikwa ukutani nyuma ya meza yake, mahali ambapo kila aingiaye idarani sharti aione. Wageni wakaisifia, nami nikajiona balozi.

Mwezi wa Novemba mwanafunzi wangu mmoja alikuja kuleta zoezi lake. Alikuwa kijana mwenye bidii ya kuogofya, asiyekwenda popote bila kamusi. Akasimama mbele ya meza ya mhazili, akaikodolea macho leso, kisha akanigeukia. "Mwalimu, 'kumbe' maana yake nini?" Nikageuka kutazama. Pale ukutani, kwa herufi kubwa ambazo nilikuwa nimezipita kila asubuhi kwa zaidi ya miezi miwili, pameandikwa: NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU. Kabla sijafungua kinywa, kijana alikuwa amekwisha kufungua kamusi, akapata dhahabu, akapata adhabu, akaunganisha, na kwa furaha ya mtu aliyetegua kitendawili akamfasiria mhazili maneno yote kwa sauti.

Mhazili hakucheka. Alinitazama. Nikaanza kueleza, kwa Kiingereza kilichokuwa kikinitoka vipande vipande, kwamba wanawake wa pwani huitumia leso kusemezana bila kutajana, kwamba msemo kama huo huelekezwa kwa mpenzi aliyegeuka au shoga aliyesaliti, na kwamba haukumkusudia yeye kamwe kwa kuwa sikuwa nimeusoma. "Hukuusoma?" aliniuliza. "Si wewe ndiwe mwalimu wa lugha hii?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Jioni ile nilizitoa leso zote zilizosalia sandukuni, nikazitandaza kitandani na kuzisoma moja moja kana kwamba nasahihisha insha. Doti saba zilikuwa za wanafunzi wangu kumi na wanne, nikisubiri kuwagawia mwisho wa muhula. Moja ilisema HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Nyingine KUTOA NI MOYO USAMBE NI UTAJIRI. Hizo hazina neno. Lakini ilikuwapo pia HASIDI HANA SABABU, na nikajiuliza ni mwanafunzi gani ningemkabidhi hiyo, naye angewaza nini akiirudisha kwao kijijini. Ilikuwapo WACHE WASEME, ambayo nafsi yangu iliipenda, ingawa mwalimu akimpa mwanafunzi aliyegombana na wenzake chumbani haiwi tena nguo, huwa hukumu. Kesho yake nilimpelekea mhazili kipande kingine kisemacho WEMA HAUOZI, nikiwa nimemfasiria kwenye karatasi kabla hajaniuliza. Akakipokea na kukitundika. Nilipomwomba anirudishie kile cha kwanza alikataa, akasema kuna mtu anayemfahamu ambaye kingemfaa sana.

Nimelisimulia tukio hili kwa urefu kwa kuwa leso ni zawadi ambayo karibu kila mwalimu wetu huibeba, na ana haki ya kufanya hivyo. Ni nyepesi, haivunjiki, hukunjika ikaenea popote, na ina historia inayoweza kujaza kipindi kizima. Jina lenyewe leso linatokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, kwa kuwa hapo kale, katika karne ya 19, wanawake wa pwani walikuwa wakiunganisha vitambaa hivyo kwa kushona wakapata nguo moja pana. Wenzetu wa Tanzania hupendelea kuiita kanga. Maneno ya mwanzo yalichapwa kwa hati za Kiarabu kabla ya hati za Kirumi kutawala. Mjini Mombasa, katika mtaa wa Biashara, jina la mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, lingali likisomeka kwenye pindo za leso zenye alama ya "Mali ya Abdulla". Leso nyingi zinazouzwa mtaani humo zimechapwa India. Wapo wanaosema basi hiyo si zawadi ya Kenya. Mimi naona hoja hiyo haina miguu: kitambaa chaweza kutoka popote, lakini neno ni letu, na kilichonitia aibuni si kitambaa.

Kuna sifa nyingine ya leso ambayo haina budi kumvutia mwalimu. Huuzwa doti, yaani vipande viwili vyenye jina moja, na si ajabu huku kwetu marafiki wawili kugawana doti. Nilipogawa zile saba (baada ya kubadilisha mbili kwa hisani ya mwenzangu wa chuo jirani, binti wa Kimombasa aliyenicheka mpaka machozi), niliwaambia wanafunzi kuwa kila mmoja ana pacha wake darasani, amtafute kwa kusoma. Walizunguka chumbani wakisomeana majina kwa sauti. Hicho ndicho kipindi pekee katika mwaka mzima ambapo sikuhitaji kumsihi mtu yeyote azungumze Kiswahili.

Hata hivyo, sikuchagua nani apate ipi. Nilipiga kura. Uamuzi huo ulipingwa na binti yule wa Mombasa, akaniambia kuwa leso iliyopigiwa kura imekatwa ulimi, kwani raha ya leso ni kwamba aliyeinunua alikufikiria wewe na si mwingine. Nakiri kuwa kwa mama, shangazi, mke au shoga maneno yake ni ya kweli tupu. Lakini mwalimu ana kalamu ya alama mkononi. Binti mmoja darasani mwangu alikuwa na tabia ya kumaliza mazoezi kabla ya wote na kujaza makosa, nami nilikuwa nimemwonya mara tatu atulize mkono. Kura ilimwangukia HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Akanijia baada ya kipindi, uso umemwiva, akauliza iwapo nilikuwa nimempa makusudi. Niliweza kumwambia kwa dhati kwamba la, ilikuwa kura. Lau ningekuwa nimechagua, ningelazimika ama kumdanganya ama kumwumiza.

Hapa tunaingia katika suala ambalo Mkenya hawezi kulikwepa. Lugha yetu ni tajiri wa maneno ya kupeana. Tuna zawadi, adia na hidaya kwa kipawa kitolewacho kwa mapenzi. Tuna tuzo kwa aliyeshinda, bahashishi kwa aliyehudumu, na kilemba, ambacho kwa desturi mwanagenzi humpa fundi aliyemfundisha kazi hadi akahitimu. Lakini maneno haya hayakai mbali na ndugu zao wabaya. Hongo, ambayo leo ni jinai, katika karne ya 19 ilikuwa ushuru ambao misafara ya biashara iliwalipa watawala wa bara, kwa mfano huko Ugogo, ili iruhusiwe kupita. Nchini Tanzania neno takrima, ambalo ndani yake mna ukarimu, liliingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000, na Mahakama Kuu ikavitangua vifungu hivyo mwaka 2006. Na sisi? Sisi tumekiharibu hata "kitu kidogo", maneno mawili yasiyo na hatia ambayo ndiyo tafsiri sahihi kabisa ya zawadi ninazozizungumzia. Mwaka 2001 Eric Wainaina aliyaweka katika jina la wimbo wake kuhusu nchi yetu, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana. Hata chai, kinywaji chetu cha kumkaribisha mgeni, imekuwa jina la rushwa barabarani.

Kwa hiyo nawaelewa baadhi ya wahadhiri wetu washikao msimamo kwamba mwalimu asitoe wala asipokee chochote. Wamefundisha katika vyuo vya umma, wamefanya kazi chini ya Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 na wamewaona wanafunzi wakibisha mlangoni na kapu la maembe wiki moja kabla ya mtihani. Lakini siafikiani nao. Huku kwetu mwanafunzi ndiye humletea mwalimu, na shaka huzaliwa kwa kuwa kipawa hupanda kuelekea kwenye mamlaka. Mwalimu ageniye ughaibuni hutoa kuelekea chini na pembeni. Anachopaswa kuchunga ni usawa na wakati. Awape wote, kitu cha thamani moja, baada ya alama kuwasilishwa. Na kabla ya yote amwulize mratibu wa programu kanuni za chuo kile zinasemaje, kwa kuwa vyuo vingi vya huko vina kanuni kuhusu zawadi, na mgeni kuuliza si aibu. Mkono mtupu haulambwi, ni kweli, lakini mkono uliojaa kupita kiasi nao humtisha anayeupokea. Nilimwona mwenzetu mmoja akimpa msimamizi wake kinyago kikubwa cha mpingo. Yule bwana alikikataa kwa upole, kisha wakakwepana kwenye ujia muhula mzima.

Nije kwa wanyama. Nusu ya vitu vinavyouzwa kwa jina la zawadi za Kenya ni twiga, simba na ndovu, wa mbao, wa mawe, wa shanga, wa kuchapwa kwenye fulana. Nusu nyingine imeandikwa "Hakuna Matata". Mwanafunzi wa Kimarekani huja darasani akiwa tayari ana vyote viwili. Alivipata utotoni katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, na maneno yale mawili yamesajiliwa huko na kampuni ya Disney kuwa alama ya biashara tangu mwaka 2003, jambo lililozua malalamiko makubwa mwaka 2018. Mwalimu akisafiri maili maelfu kumpelekea mwanafunzi wake fulana yenye maneno hayo, amempelekea Marekani kilichotoka Marekani. Tena anamthibitishia kwamba lugha anayojifunza ni ya watalii na wanyama, ilhali sisi tulio nyumbani tukitaka kusema hivyo husema "hakuna shida" na kuendelea na shughuli.

Nilikuwa na msimamo mkali juu ya hili hadi nilipopangua mfuko wangu wa sarafu. Tangu Desemba 2018, sarafu zetu mpya zina twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini, kwa sababu Katiba ya mwaka 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye fedha yetu. Benki Kuu yenyewe, basi, imejiunga na wauza vinyago! Na zawadi iliyopendwa kuliko zote na wafanyakazi wenzangu wa idara zingine, walimu wa Kiarabu na wa Kiyoruba waliokuwa jirani nami, zilikuwa sarafu hizo: seti moja katika bahasha ndogo, pamoja na sarafu ya zamani yenye sura ya rais, na maelezo ya mistari mitatu kwa Kiswahili chepesi kuhusu sababu ya mabadiliko. Bado sipendi twiga wa shanga. Lakini nimeacha kuwatukana wanaowanunua, hasa wenye wenzao walio na watoto wadogo.

Mawe ya Kisii yana kisa chake kifupi. Nilinunua viboko wanane wa mawe, kazi safi ya mafundi wa Tabaka, nikawafunga kwa soksi. Watatu walifika na masikio. Jiwe lile ni laini ndiyo maana huchongeka, na hicho kinachomfaa fundi humponza msafiri. Tena ni zito, na sanduku moja kwa kawaida haliruhusiwi kuzidi kilo 23. Chukua visahani bapa, au uache. Kiondo kidogo cha mkonge ni bora zaidi, kwani husafiri kikiwa kimejazwa vitu vingine. Chai na kahawa iliyokaangwa huingia Marekani bila taabu mradi ziandikwe kwenye fomu na kutangazwa kwa maafisa wa forodha. Nyama, matunda na mbegu ziache nyumbani. Na chochote kilichotoka kwa mnyama wa porini, hata kikuku cha singa za ndovu alichoachiwa babu, kisiguse sanduku lako.

Ningependa kukaa kidogo kwenye karatasi. Nilikuwa nimefungia wale viboko wa mawe kwa kurasa za Taifa Leo. Nilipozikunjua mbele ya wanafunzi wa mwaka wa pili, hawakumtazama kiboko. Walinyang'anyana magazeti. Mmoja alichukua ukurasa wa michezo, mwingine matangazo ya vifo na shukrani, wa tatu akajitahidi na shairi la msomaji ambalo hakulielewa hata ubeti mmoja, lakini akalibandika juu ya meza yake ya kusomea. Kitabu cha kiada kilikuwa kimewafundisha kununua ndizi sokoni kwa mwaka mzima. Hapa palikuwa na watu halisi waliokufa, waliofunga mabao, waliodaiwa kodi, kwa Kiswahili. Tangu siku hiyo humshauri kila anayenijia anunue nakala kumi za gazeti asubuhi ya safari, uwanjani kwenyewe. Hugharimu kidogo kuliko twiga mmoja. Vivyo hivyo daftari zetu za shule ya msingi zenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, vitabu vya hadithi vya watoto, kadi za heri za Kiswahili, na kalenda ya ukutani yenye majina ya miezi. Mtu huitazama kalenda kila siku kwa mwaka mzima, na kufikia Machi hana haja ya kufundishwa tena Jumatano ni lini.

Iko adabu ya kupokea pia, na hii usipoambiwa itakuumiza. Kwetu mpokeaji hushika kwa mikono miwili au kwa mkono wa kulia, hushukuru, huweka kando na kufungua mgeni akishaondoka, ili asionekane mlafi. Kule mtu huipokea hata kwa mkono wa kushoto, huifungua papo hapo huku mtoaji akitazama, na hutarajiwa apige ukelele wa furaha. Mara ya kwanza nilihisi kama ninavuliwa nguo. Baadaye nikaja kuona kuwa kufunguliwa pale pale kunampa mwalimu nafasi ya kueleza. Ukiwa na neno la leso, msomee mwenzako, mwache alitamke, mweleze huku kwetu husemwa wakati gani na nani kumwambia nani. Siku chache baadaye utapokea kadi ya shukrani iliyoandikwa kwa mkono. Usiidharau. Hiyo ndiyo zawadi yao, na hungojewa uitaje.

Mwaka uliofuata nilifuatana na binti mmoja wa chuo chetu aliyekuwa akijiandaa kusafiri, tukashuka Mombasa hadi mtaa wa Biashara. Mama aliyetuhudumia alimwona akinyosha mkono kwenye leso ya samawati, akamzuia. "Umesoma jina, mwanangu?"

"Nimependa rangi, mama."

"Leso hainunuliwi rangi. Hununuliwa neno." Kisha akaanza kumwuliza: ni ya nani, ni mkubwa au rika lako, mmeshakosana, ameolewa. Kwa kila jibu akatoa leso tofauti. Tulikaa mle dukani saa nzima na nusu, nami nikayaandika majina yote aliyotutajia pamoja na alichosema kuhusu kila moja. Mawili alikataa katakata kumwuzia binti yule, akasema hayo ya wakewenza, na wazungu hawana wakewenza.

Ombi langu kwa chama chetu ni kwamba tuukamilishe mkusanyo huo. Tunao wanachama wa Lamu, Malindi, Mombasa na Kwale ambao mama na shangazi zao wana masanduku yaliyojaa leso. Na tunao watu wa bara kama mimi, ambao kila likizo hurudi kwenye nyumba zenye leso zisizosomwa. Kila mmoja aandike jina, maana yake, nani humpa nani, na wakati gani haifai. Wahadhiri wa isimujamii na wa fasihi simulizi watatusaidia kuupanga, na kila anayeteuliwa kusafiri akabidhiwe nakala kabla hajaingia dukani. Daftari la kuanzia ninalo, lina majina sitini na mawili. Likizo iliyopita nilimwomba mama anifungulie sanduku lake, nikapata mengine manne, na moja kati ya hayo amekataa kunieleza alipewa na nani.